Hata Mkimbizi Ana Ulimi

Ukisema broila hana ladha, utasikia: "Mkimbizi naye anachagua? Ashukuru ameshiba." Mimi nakataa.

Broila anachinjwa akiwa na wiki sita hivi, amekaa tu ndani akila. Kuku wa kienyeji anamaliza miezi mitano au zaidi akikimbia na kuchakura wadudu. Umri na miguu ndiyo inatia nyama utamu. Lakini tangu shindano la "Kuku wa Kesho" kule Marekani mwaka 1948, wafugaji wakubwa wanatafuta kuku wa kunenepa haraka. Kilo zinauzwa, ladha haiuzwi.

Ni kweli, broila anakua upesi na mtoto anahitaji nyama leo. Ila kikundi chetu hapa Ngarama kilipewa vifaranga wa broila na mradi mmoja. Chakula chao tulikuwa tunanunua Mbarara. Pesa ikaisha, vifaranga wakafa. Kuku wa kienyeji wa mama jirani hadi leo anataga na kuatamia mwenyewe.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuleta kuku, tuulizeni. Akija mgeni wa heshima, sisi tunamchinjia kuku gani?