Mwamba Ngoma Ulingoni: Je, Orodha za Majarida ya Mieleka Zina Mashiko?

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii huwajia wengi akilini kila mwaka, pale Pro Wrestling Illustrated, jarida la Marekani lililoanza kuchapishwa mwaka 1979, linapotoa orodha yake ya wanamieleka 500 bora ulimwenguni. Orodha hiyo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, Hulk Hogan akiwa kileleni, na tangu hapo imekuwa chanzo cha mabishano. Wapo wanaoichukulia kuwa hukumu ya mwisho kuhusu nani ni nani katika mieleka ya kulipwa. Wapo pia wanaoibeza kuwa mzaha mtupu, kwa hoja kwamba hakuna maana ya kuwapanga kwa ubora watu ambao ushindi wao umeamuliwa kabla hawajapanda ulingoni.

Huenda msomaji akajiuliza mjadala huu una uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili. Mieleka hii imetazamwa katika runinga nchini Kenya kwa miongo kadhaa, na wengi wanaosoma fasihi leo waliwahi kuiigiza uwanjani wakiwa watoto. Hata hivyo, sababu kuu si hiyo. Mieleka ya kulipwa ni sanaa ya maonyesho: ina wahusika, ina migogoro inayojengwa kwa miezi, ina majigambo yanayotolewa mbele ya hadhira kabla ya pambano, na ina hadhira inayoitikia, kuzomea na kushangilia. Swali la iwapo mwanamieleka mmoja anaweza kusemwa kuwa bora kuliko mwingine ni swali lile lile linalomkabili mhakiki wa fasihi simulizi anapowalinganisha mafanani wawili. Makala haya yanashikilia kwamba kambi zote mbili za mjadala zimepotoka. Kasoro ya orodha haitokani na kupangwa kwa matokeo. Inatokana na kuchanganya vipimo vya mambo matatu tofauti bila kumwambia msomaji kila kimoja kina uzito gani.

Ni vyema kwanza kueleza jinsi orodha yenyewe inavyoundwa. Wahariri huchagua kipindi cha takriban mwaka mmoja, kisha humtathmini kila mwanamieleka kwa yale aliyoyafanya ndani ya kipindi hicho. Vigezo vinavyotajwa ni pamoja na idadi ya mapambano aliyoshinda na kushindwa, mataji aliyoyatwaa, hadhi ya wapinzani wake, uhasama mkubwa alioshiriki, umaarufu wake katika kampuni inayomwajiri, na umahiri wake wa kupigana mieleka. Wasomaji hawapigi kura katika kuiunda orodha hii. Kura zao huhusu tuzo nyingine za jarida hilo hilo zinazotolewa mwishoni mwa mwaka. Kwa hivyo, orodha ya wanamieleka 500 ni rai ya wahariri, na kwa rai hiyo wahariri wanapaswa kuwajibika.

Hoja ya wanaoibeza ina msingi. Mwezi Februari mwaka 1989, kampuni ya WWF, ambayo leo inajulikana kama WWE, ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kuwa mieleka yake ni burudani. Nia yake ilikuwa kuepuka kanuni na tozo zilizowekewa michezo ya ushindani. Baada ya kauli hiyo, ni vigumu kudai kuwa idadi ya ushindi huonyesha nguvu za mshindi. Huonyesha kile ambacho waandalizi waliamua. Ikiwa mwandalizi ameamua Hogan ashinde, kisha jarida likampa Hogan nafasi ya kwanza kwa kuwa ameshinda, basi jarida limekuwa mwangwi wa sauti ya mwandalizi.

Isitoshe, majarida ya mieleka ya miaka ya awali yalikuwa na desturi ya kuandika visa vya ulingoni kana kwamba ni habari za kweli. Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni ule wa James Harris, Mmarekani wa jimbo la Mississippi aliyefariki mwaka 2020. Kwa miaka mingi Harris alipanda ulingoni akiwa amejipaka rangi usoni na kifuani, amejifunga ngozi ya chui kiunoni, akitambulishwa kuwa Kamala, Jitu la Uganda, aliyewahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Hakuwa Mganda. Uganda iliyokuwa kichwani mwa hadhira ile ilikuwa nchi ya kubuni, na mwanadamu aliyeiwakilisha alinyimwa hata lugha, kwa maana mhusika wake alikuwa wa kunguruma na kujipiga tumbo. Msomaji ana haki ya kuuliza: katika uwanja ambao uongo wa namna hii ulilindwa kwa bidii, orodha ya ubora inaweza kuwa na ukweli gani?

Lakini hoja hiyo, japo ni nzito, haitoshi kuitupa orodha. Ushahidi unatoka katika ndondi, mchezo ambao makonde yake ni ya kweli. Mwaka 1977 kituo cha runinga cha ABC cha Marekani kilifadhili mashindano ya ndondi yaliyoandaliwa na Don King, na uteuzi wa mabondia ukategemea orodha za jarida la The Ring, lililoheshimiwa tangu lilipoanzishwa mwaka 1922. Muda si muda ikabainika kuwa rekodi za baadhi ya mabondia zilikuwa zimeongezewa ushindi katika mapambano ambayo hayakuwahi kupiganwa. ABC ikayasitisha mashindano hayo, na heshima ya jarida ikaingia doa. Hivyo basi, ukweli wa mchezo si dhamana ya ukweli wa orodha. Orodha ya mchezo wa kweli inaweza kuwa ya uongo. Yamkini, orodha ya mchezo wa kuigiza inaweza kuwa ya haki.

Tofauti iliyopo ni kwamba The Ring ilifumaniwa kwa sababu kulikuwa na jambo nje ya orodha la kuihakikia. Pambano ama lilipiganwa ama halikupiganwa. Je, nje ya orodha ya mieleka kuna nini cha kuihakikia?

Hapa inafaa kukumbuka asili ya orodha hizi. Stanley Weston, mchapishaji aliyeanzisha Pro Wrestling Illustrated, alikuwa amefanya kazi katika The Ring kabla ya kumiliki majarida yake mwenyewe. Si ajabu basi kwamba jarida la mieleka liliazima sura ya jarida la ndondi: rekodi, nafasi, wapinzani wanaosubiri kumkabili bingwa. Katika ndondi sura hiyo ina maana, kwa kuwa ushindi ni wa bondia mwenyewe. Katika mieleka, ushindi ni wa mhusika. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ndiyo maana kila mwaka panapobishaniwa orodha hii, maungo huonekana.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanalielewa jambo hili bila ya kufundishwa upya. Katika ngano, Sungura humshinda Fisi mara kwa mara. Hakuna msikilizaji aliyewahi kumshtaki fanani kwa kupanga matokeo, wala hakuna aliyeondoka kwenye usimulizi akiamini kuwa Sungura ana nguvu kuliko Fisi. Hata hivyo, wasikilizaji hao hao hujua ni fanani yupi hodari na yupi huwapa usingizi. Wanapima sauti, miondoko, ubunifu, na namna anavyoisoma hadhira yake. Kwa ufupi, kuna mhusika na kuna mtendaji, na kila mmoja hupimwa kwa kipimo chake.

Orodha ya mieleka hairuhusu utengano huo. Ushindi na mataji ni mambo ya mhusika. Umahiri ni jambo la mtendaji. Umaarufu katika kampuni ni jambo la mwajiri, ambaye ndiye huamua nani atangazwe na nani afichwe. Wahariri huyatia mambo haya matatu katika chungu kimoja, kisha humpakulia msomaji nambari moja.

Matokeo ya mchanganyiko huo yanaonekana wazi katika mifano miwili. Mwaka 1997 nafasi ya kwanza alipewa Dean Malenko wa kampuni ya WCW, mtu wa kimo kidogo, asiyekuwa na maneno mengi, aliyesifika kwa wingi wa mbinu zake za kumkaba mpinzani. Alikuwa ametwaa mataji, lakini si lile kubwa la kampuni yake. Waliopenda ufundi walishangilia. Waliohesabu mataji makubwa walicheka. Mwaka 2011 nafasi hiyo hiyo alipewa The Miz wa WWE, aliyekuwa ameshika taji kuu la kampuni hiyo na kulitetea dhidi ya John Cena katika pambano la mwisho la WrestleMania ya mwaka huo. Safari hii waliohesabu mataji waliridhika, na waliopenda ufundi wakalalamika. Kila uteuzi una utetezi wake. Kisicho na utetezi ni kuwaweka watu hawa wawili katika nafasi moja ya orodha moja bila kueleza kwamba mmoja alipimwa zaidi kwa ufundi na mwingine kwa cheo.

Haki inadai pia kwamba jarida lisifiwe panapostahili. Si kweli kwamba ngozi ya ngoma imevutwa upande wa kampuni kubwa peke yake. Mwaka 2010 aliyeongoza alikuwa AJ Styles, aliyekuwa katika kampuni ya TNA, iliyokuwa ndogo mno ikilinganishwa na WWE. Mwaka 2017 aliongoza Kazuchika Okada wa Japani. Aidha, katika nafasi za chini za orodha hupatikana wanamieleka wa kampuni ndogo ndogo, wanaopigana katika kumbi za mitaa kwa ujira mdogo, na ambao kwao kutajwa katika nafasi ya 400 na kitu ni heshima isiyo kifani. Kwa watu hao orodha ni kumbukumbu kwamba waliwahi kuwapo.

Hata hivyo, kuna watu ambao orodha yenye kuhesabu ushindi haiwezi kuwaona ipasavyo. Steve Lombardi, aliyejulikana ulingoni kama Brooklyn Brawler, alitumia miaka mingi katika WWF akifanya kazi ya kushindwa. Alilipwa aangushwe ili mwenzake aonekane shujaa. Kazi hiyo inahitaji ujuzi wa hali ya juu: kuanguka bila kuumia, kumlinda anayekuangusha, na kuifanya hadhira iamini. Pasipo Fisi hakuna ngano ya Sungura. Kipimo kinachomwadhibu Fisi kwa kushindwa, ilhali kushindwa ndiko alikotumwa, kina dhuluma ndani yake, na dhuluma hiyo haiishii kwenye karatasi, kwa sababu sifa ndiyo mtaji wa msanii anapotafuta mkataba.

Suala la wanawake linathibitisha hoja hii kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi walikuwa wachache sana katika orodha ya watu 500. Mwaka 2008 jarida lilianzisha orodha yao ya watu 50, iliyoongozwa na Awesome Kong. Mwaka 2018 ikawa ya watu 100, mwaka 2021 ikawa ya 150, na mwaka 2023 ikafika 250. Ni kweli kwamba nafasi za wanawake ulingoni zimeongezeka. Lakini wanawake hodari walikuwapo hata kabla ya 2008, na hakuna atakayedai kuwa ustadi wao uliongezeka mara tano katika miaka 15. Kilichopanuka, kwa kiasi kikubwa, ni macho ya wahariri.

Wapo wanaopendekeza njia nyingine, ile ya mwandishi Dave Meltzer wa Wrestling Observer Newsletter, ambaye huyapima mapambano kwa nyota. Faida yake ni kwamba haifichi inachokipima: ni ubora wa onyesho, basi. Lakini kipimo hicho, kilichozoeleka kuwa na nyota tano, kilitoa nyota sita kwa pambano la Okada na Kenny Omega jijini Tokyo mwezi Januari 2017, kisha nyota saba kwa pambano lao la Juni 2018. Muuzaji anayebadilisha ujazo wa kibaba kila anapopata nafaka nzuri huwaacha wanunuzi wa jana wakijiuliza walipimiwa nini.

Je, orodha hizi zitupwe? La hasha. Zisomwe kama uhakiki, na zidaiwe kile ambacho uhakiki wowote hudaiwa. Kwanza, mhusika na mtendaji watenganishwe. Pili, uzito wa kila kigezo utangazwe kabla ya majina kutangazwa. Tatu, wahariri waeleze kwa maandishi kwa nini wa kwanza ni wa kwanza, ili wasomaji wapate cha kukubali au kukipinga. Orodha itakayotimiza masharti haya itabishaniwa bado, lakini itakuwa na jambo la kuhakikiwa.

Masharti hayo yanawahusu pia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Kila riwaya inapoitwa bora, kila diwani inapotunukiwa, kila vitabu vya kutahiniwa shuleni vinapoteuliwa, huzuka malalamiko kama yale ya mashabiki wa mieleka, na aghalabu hujibiwa kwa nambari au kwa cheo cha waliochagua. Kabla ya kuwacheka wanaogombana juu ya nani awe wa 7 na nani wa 8 ulingoni, ni busara wasomi wajiulize iwapo wao wenyewe wamewahi kueleza, kwa maneno yasiyo na utata, kile walichokuwa wakikipima.