KURA YA TARIME SI USALITI

Wako watu ambao Chama kinaposhindwa mahali hawajiulizi sababu, hutafuta mchawi. Kuhusu Tarime, jibu lao ni lile lile miaka nenda miaka rudi: ati wananchi wa kule ni wakorofi, hupiga kura kwa koo, na upinzani wameuzaliwa nao. Maneno hayo ni ya uvivu, tena ni ya dharau. Hayana budi kukataliwa.

Hesabu za uchaguzi zinayakanusha. Mwaka 2005 Ndugu Jakaya Kikwete alipata asilimia 80 ya kura za Urais, lakini katika uchaguzi huo huo Tarime ilimpeleka Bungeni Ndugu Chacha Wangwe wa CHADEMA. Alipofariki katika ajali ya gari Julai 2008, uchaguzi mdogo wa Oktoba ulimpa kiti Ndugu Charles Mwera, naye wa CHADEMA. Basi kama upinzani ni damu yao, ilikuwaje mwaka 2010 wakamchagua Ndugu Nyambari Nyangwine wa CCM? Na kama walikwisha ongoka, mbona mwaka 2015 majimbo yote mawili ya Tarime, pamoja na Serengeti, yalikwenda CHADEMA?

Ukweli ni kwamba mwananchi wa Gorong'a au Nyamongo anapima. Anaitazama ardhi yake na dhahabu ichimbwayo jirani; anauliza usalama wa ng'ombe wake; anakumbuka alivyopokewa na mtendaji ofisini.

Jambo hili si geni. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wananchi waliwaangusha hata mawaziri, akiwamo Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno na uonevu, haukuwakemea wapiga kura.

Mwaka 2020 majimbo yale matatu yalirudi CCM, na wapinzani wakayakataa matokeo. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa katika karatasi ya kura, na uchaguzi ule ukaandamana na machafuko na vifo. Wanaoshangilia tu, wakidhani kazi imekwisha, wanakidanganya Chama. Chama kinachoshindana na kivuli chake hakiwezi kujua kama kinapendwa au kinaogopwa. Akufukuzaye hakwambii toka. Na mwananchi aliyechoka si lazima apige kelele.

Walimu na watumishi wa umma, ninyi ndio mnaosimamia vituo vya kura, na ninyi ndio sura ya Serikali kijijini. Hesabuni kura kama zilivyopigwa. Mhudumieni kila mtu bila kumwuliza kadi yake. Nao viongozi wa Chama waende Tarime kusikiliza, wala wasingoje msimu wa kampeni. Ushindi usiotokana na imani ya wananchi ni deni, na deni hulipwa.