Zege la Kijani Sawa, Lakini Nondo Je?

Siku hizi ukikaa na wanafunzi wa uhandisi hapa chuoni, chai haiishi kabla hujasikia habari za zege rafiki wa mazingira. Mimi nasomea fani hiyo hiyo na sina ugomvi na shabaha yake. Saruji peke yake inabeba takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Na wala si moshi wa tanuri tu. Mawe ya chokaa yakichomwa, jiwe lenyewe linaachia hewa hiyo, hata kama ungelichoma kwa jua. Kwa hiyo dawa ni kupunguza ile klinka inayotoka tanurini na kuchanganya kitu kingine: majivu ya makaa ya mawe, mabaki ya tanuri la chuma, majivu ya volkano au udongo wa mfinyanzi uliochomwa.

Mpaka hapo tuko pamoja. Ninachokilalamikia ni kwamba kila mtu anauliza mfuko umeokoa hewa ukaa kiasi gani, na wachache sana wanauliza nondo zilizomo ndani ya zege hilo zitakaa miaka mingapi bila kutu. Kwetu sisi swali hili si la darasani. Wengi wetu huku ughaibuni tuna nyumba inayopanda kidogo kidogo kule nyumbani, kwa pesa za kutuma na maelekezo ya simu. Nyumba ikibomolewa baada ya miaka 20 na kujengwa upya, ukijani wake uko wapi?

Watetezi hupenda kututajia Warumi. Ni kweli, Pantheon ya mjini Rome ina karibu miaka 1900, kuba lake lina upana wa mita 43, na zege lake lina majivu ya volkano. Lakini jamani, mle ndani hakuna nondo hata moja! Hata zile nyumba zetu za zamani za Lamu na Unguja, za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zilishikwa na boriti za mikoko. Zege lisilo na chuma halina cha kushika kutu. Ukitaka kulinganisha, linganisha na ghorofa ya nguzo na slabu, si na kuba la Kaizari.

Ndani ya zege jipya nondo inalindwa na ualikali mkali, pH yake hufika 12 na zaidi, na chuma hujifunika utando mwembamba usioruhusu kutu. Adui zake ni wawili. Wa kwanza ni chumvi, inayotoboa ule utando. Wa pili ni hewa ukaa yenyewe, inayoingia polepole na kuuvunja ualikali. Kutu ikianza, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili au zaidi, basi zege linapasuka kutoka ndani. Ukipita mitaa ya karibu na bahari Mombasa au Dar es Salaam utaona roshani zilizomenyeka chini, nondo nyekundu ziko nje. Hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa, saruji iliyochanganywa inafanyaje mbele ya maadui hawa? Kwa chumvi, ni nzuri, tena nzuri kuliko ya kawaida, maana vinyweleo vyake ni vidogo na chumvi inapita kwa shida. Kwa hewa ukaa ni kinyume: ile chokaa ya ndani inayopambana na hewa hiyo ni kidogo, kwa hiyo hewa inaingia haraka zaidi. Tena saruji hii inakomaa taratibu. Ikinyimwa maji mapema, vile vinyweleo vidogo tunavyoisifia havipatikani, na faida inabaki kwenye karatasi.

Na tusidhani haya ni mambo ya Ulaya. Ulaya yenyewe inaishiwa na vichanganyio vyake. Siku moja tu, tarehe 30 Septemba 2024, Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, na tanuri la mwisho la kuyeyushia chuma pale Port Talbot. Sisi majivu ya volkano na udongo tunavyo. Tena tunavitumia tayari: mfuko ulioandikwa CEM IV, unaouzwa kila duka la vifaa Kenya, una majivu ya volkano ndani yake, asilimia 11 hadi 35 kwa aina A na hadi 55 kwa aina B. Mtu ananunua saruji ya kijani bila kujua, halafu fundi anaihudumia kama ile ya kawaida. Pengine hata hiyo ya kawaida haihudumii vizuri.

Kanuni za India, nchi yenye joto kama kwetu, zinataka zege la saruji ya kawaida limwagiliwe siku 7 angalau, na la saruji iliyochanganywa siku 10, na zinashauri kufika 14. Kwenye saiti nilizopita likizo, siku ya tatu mpira wa maji umeshakunjwa. Jambo la pili ni unene wa zege linalofunika nondo. Hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila mwenye nyumba aijue: ukipunguza unene huo kutoka milimita 40 hadi 20, muda wa hewa ukaa kufika kwenye chuma haupungui nusu, unabaki robo. Yaani miaka 60 inakuwa 15, kwa sababu tu nondo zililazwa juu ya mbao bila vipande vya kuziinua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Saruji iliyochanganywa naiunga mkono, hasa Pwani, lakini anayeiuza na aandike kwenye mfuko, kwa Kiswahili, siku za kumwagilia. Najua mtaniambia maji yenyewe yako wapi, boza moja bei gani. Ni kweli. Ila magunia yaliyoloweshwa, yakafunikwa na karatasi la nailoni, hutunza unyevu kwa maji kidogo sana, na gharama yake ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji tunaomtumia fundi pesa zake kila wiki.