Kitabu gani, pepa ipi? Nasaha kwa wazazi na kamati za misikiti

Kila ifikapo mwezi wa Mei, vijana wetu wa Kidato cha Sita huingia katika vyumba vya mtihani, Bara na Visiwani, kukabili karatasi za Baraza la Mitihani la Tanzania. Miezi kadhaa kabla ya hapo, baada ya Swala ya Ijumaa, husikika katika misikiti mingi tangazo la mchango wa vitabu. Waumini hutoa walichojaaliwa, kamati ya elimu hukusanya, kisha kijana mmoja hutumwa dukani na fedha mkononi. Hatuna neno na mchango huo, na Allah awalipe kheri wanaoutoa. Neno tulilonalo ni juu ya safari ya yule kijana dukani, kwa kuwa aghalabu huenda bila orodha na hurudi na kile alichouziwa.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2022 kufuta ada ya Kidato cha Tano na cha Sita, wazazi wengi wamepumua. Lakini gharama ya vitabu imebaki juu ya mabega yao, na gharama hiyo ndiyo inayopotea ovyo kuliko zote.

Kwanza tuelewane kuhusu mtihani wenyewe. Mzazi akiambiwa mwanawe amepata Daraja la Tatu, hushukuru na kuanza kuulizia chuo. Hajui kwamba hesabu ya daraja ni moja, na hesabu ya kuingia chuo kikuu ni nyingine. Katika kupanga daraja, A huhesabiwa 1 na E huhesabiwa 5, na mwenye jumla ndogo ndiye aliye juu. Kwa upande wa Tume ya Vyuo Vikuu mambo yamegeuzwa: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwombaji wa shahada anatakiwa kuwa na angalau pointi 4 katika masomo mawili ya tahasusi yake. Kijana mwenye E tatu amepata jumla ya 15 katika daraja, nayo ni Daraja la Tatu. Lakini ukichukua masomo yake mawili kwa hesabu ya Tume, ana pointi 2 tu. Amefaulu mtihani na mlango wa chuo kikuu umebaki umefungwa. Bado hatujagusa masharti ya kozi yenyewe, kwani udaktari, kwa mfano, hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Aliyebuni hesabu mbili zinazokwenda kinyumenyume kwa mtihani mmoja hakuwaonea huruma wazazi.

Tunayasema haya kwa sababu uchaguzi wa vitabu huanzia hapo. Alama za D na za E zinatenganishwa na pengo dogo: E huanzia 40 na D huanzia 50. Alama kumi hizo hazipatikani kwa kuongeza idadi ya vitabu juu ya meza. Hupatikana kwa kijana kujua mtihani unataka nini, na kufanya mazoezi ya kile unachokitaka.

Basi kitabu cha kwanza kununuliwa kiwe kile ambacho hakimo katika nyumba nyingi, nacho ni muhtasari wa somo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ni kijitabu chembamba, hakina picha, na muuza duka hana hamu ya kukitangaza. Lakini mwenye nacho ana mizani. Atafungua kitabu chochote, alinganishe sura zake na mada za muhtasari, na ndani ya robo saa atajua kama kinamfaa. Pamoja nao iwepo fomati ya mtihani inayotolewa na Baraza, inayoeleza karatasi ni ngapi, sehemu ni zipi, maswali yapi ni ya lazima na yapi ni ya kuchagua. Tumekwisha kuwaona vijana waliosoma kwa miaka miwili wasijue jambo hilo la mwisho hadi asubuhi ya mtihani.

Hapa pana tahadhari ya wakati huu. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umekuwa ukiingia kwa awamu, na masomo kadhaa yamepangwa upya. Desturi yetu njema ya kaka kumwachia mdogo wake vitabu sasa ina shimo ndani yake. Kabla ya kurithisha au kununua, aulizwe mwalimu wa somo: huyu kijana anafuata muhtasari upi?

Baada ya muhtasari ndipo tuje kwenye vitabu vizito. Wazee waliosoma sayansi wanakijua kitabu cha Fizikia cha Nelkon na Parker kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1958, na wanaijua Biological Science ya Taylor, Green na Stout ambayo wanafunzi huiita BS. Vitabu hivyo vina heshima yao. Viliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza, na kwetu vilikuta mazingira yanayofanana navyo, maana hadi mwaka 1967 mitihani yetu ilitoka Cambridge, kisha likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza letu wenyewe likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mihtasari imebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini sifa ya vitabu haikubadilika. Matokeo yake kijana anaufungua ukurasa wa kwanza wa Nelkon mwezi wa Julai akiwa na nia ya kuumaliza wote, na mwezi wa Februari bado yuko katikati, amechoka, na mada tatu za muhtasari hajazigusa. Sisi hatusemi kitabu hicho kitupwe. Kiwekwe maktaba, kifunguliwe kwa mada inayohitajika, na kifungwe.

Kuhusu vitabu vya nyumbani, wasomaji wanakumbuka enzi za kamati ya ithibati ya EMAC, iliyoundwa mwaka 1999 na kuvunjwa mwaka 2013 baada ya malalamiko makubwa, hata Bungeni, juu ya makosa yaliyokuwamo katika vitabu vilivyopitishwa. Toka wakati huo kazi ya kutayarisha vitabu vya kiada imerejeshwa Taasisi ya Elimu, na vitabu vya Taasisi vinasomeka pia katika maktaba yake ya mtandaoni. Vitabu vya ziada vya wachapishaji binafsi navyo vinatakiwa viwe na ithibati. Kuitafuta ithibati hiyo katika kurasa za mwanzo ni kazi ya nusu dakika. Kitabu kisicho nayo si lazima kiwe kibaya, lakini aliyekiandika hakumwonyesha mtu mwingine kazi yake, na mnunuzi ajue hivyo kabla ya kutoa fedha.

Sasa tuje kwenye pepa, maana hapa ndipo fedha nyingi za misikiti zinapokwenda. Pembeni ya kila kituo cha daladala na katika kila duka la fotokopi kuna vijitabu vya mitihani iliyopita pamoja na majibu. Maswali yenyewe ni ya Baraza, na mitihani mingi iliyopita inapatikana katika tovuti yake bila malipo. Kinachouzwa hasa ni majibu, na majibu hayo hayana mwenyewe. Kijitabu kimoja kilichotufikia hakina jina la mwandishi, wala la mchapaji, wala mwaka. Katika swali la jiwe linaloangushwa kutoka juu kwa sekunde 2, mwandishi amesahau ile nusu iliyomo katika kanuni, akapata mita 40 badala ya 20. Mwalimu huligundua kosa hilo mara moja. Kijana aliye peke yake usiku, ambaye amepata 20 kwa njia sahihi, atafuta jibu lake na kuandika 40, kwa sababu kitabu kimesema. Hilo ndilo dhara tunalolihofia kuliko hasara ya fedha.

Dawa ipo, tena ni ya bure. Kila baada ya mtihani, Baraza hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo swali moja baada ya jingine linaelezwa lilikuwa likipima nini, watahiniwa walifanyaje, waliokosa walikosea wapi, na zimewekwa sampuli za majibu ya watahiniwa wenyewe, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wao. Kijana akisoma taarifa ya somo lake ya miaka mitatu ataona makosa yale yale yakijirudia: aliyeulizwa kufafanua akaorodhesha, aliyeulizwa kutofautisha akaeleza upande mmoja, aliyefanya hesabu akaacha vipimo. Hatujui kitabu cha dukani kinachoweza kushindana na hilo, kwani anayezungumza ni yule yule anayesahihisha. Na bado katika kambi nyingi za masomo taarifa hizi hazijulikani hata kwa jina.

Pepa ikishapatikana, namna ya kuitumia ni jambo la pili. Kusoma swali, kisha kugeuza ukurasa na kutazama jibu, huleta raha ya kujiona unajua, na raha hiyo huisha mwezi wa Mei. Mitihani ya miaka miwili ya karibuni ifungiwe kabatini, isionwe na mtu. Iliyotangulia itumike kwa mada. Zikibaki wiki sita au saba, ile iliyofungiwa itolewe, na vijana waketi katika ukumbi wa madrasa Jumamosi asubuhi, saa tatu kamili, bila simu, bila daftari, na msimamizi mwenye saa. Karatasi zisahihishwe na mwalimu wa somo, na kila mmoja aandike katika daftari moja kila alichokosa na sababu yake: hakujua, hakuelewa swali, au muda ulimwishia. Sababu hizo tatu zina tiba tatu tofauti, na kununua kitabu kipya ni tiba ya ile ya kwanza peke yake. Kwa masomo ya sayansi ikumbukwe kwamba karatasi ya tatu ni ya vitendo, na hakuna pepa iliyochapwa itakayomfundisha kijana kushika bureti. Watahiniwa wa kujitegemea, ambao hawana shule ya kuwapa maabara, ndio wa kutafutiwa nafasi hiyo mapema.

Kuhusu zile zinazoitwa pepa za uhakika, zinazotembezwa kwenye simu usiku wa kuamkia mtihani kwa malipo, maneno yetu ni machache. Nyingi ni utapeli mtupu. Na ikitokea moja kuwa ya kweli, mtahiniwa anayekutwa nayo hufutiwa matokeo, na mzazi aliyetoa fedha ya kuinunua ameshiriki udanganyifu pamoja naye.

Tunazigeukia kamati za elimu za misikiti. Msikiti wenye watahiniwa kumi, kila mmoja akinunuliwa vijitabu vitano, umenunua vijitabu hamsini ambavyo mwakani vitafungia maandazi. Kwa fedha hizo hizo inawezekana kuweka katika chumba kimoja mihtasari na fomati za masomo yote wanayosoma, nakala mbili mbili za vitabu vya kiada, Nelkon mmoja na BS moja, taarifa za uchambuzi zilizochapwa na kutiwa jalada, na taa inayowaka baada ya Swala ya Ishaa. Apatikane mtu mmoja wa kushika daftari la kuazima, kwa kuwa maktaba nyingi za misikiti zimekufa kwa kukosa daftari hilo tu. Vijana wa kike wapangiwe saa zao au chumba chao, wasiachwe wasome kwa fotokopi za kaka zao. Na walimu wa sekondari walio miongoni mwa waumini, ambao tunawajua kwa sura katika kila safu, waombwe saa moja tu kabla fedha haijatoka: waketi na orodha, wakate wasichokihitaji, watie sahihi, ndipo kijana atumwe dukani.