Nyumbu, Moto na Miti ya Serengeti

Wengi katika wasomaji wetu, khasa vijana, wakimwona mnyama malishoni hudhani kuwa hana kazi hapo ila kula na kupunguza. Apitapo yeye, wasema, nchi hubaki kipara. Neno hili lina ukweli wake, lakini si ukweli wote, na ushahidi tunao karibu, Serengeti.

Kiasi cha mwaka 1890 maradhi ya sotoka yaliingia Afrika ya Mashariki. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na Wamasai, ambao ng'ombe ndio chakula chao, wakapatwa na njaa kubwa. Nyumbu na nyati nao wakafa, na kwa miaka mingi baadaye sotoka ikawa yaua ndama wao. Dawa ilitoka upande usiotazamiwa: walichanjwa ng'ombe wa kandokando ya mbuga, si nyumbu, na ilipofika kiasi cha mwaka 1963 maradhi yalikuwa yamewatoka nyumbu pia. Mwaka 1961 walikuwa kiasi cha robo milioni. Mwaka 1977 walipita 1,300,000.

Sasa na tutazame yaliyofuata. Zamani majani yasiyoliwa yalirefuka, yakakauka wakati wa kiangazi, na moto ukishika ulikwenda mbali, ukaunguza miche ya migunga kabla haijainua vichwa. Nyumbu walipozidi, majani hayo yakaliwa. Moto ukakosa cha kuchoma. Miche ikapata nafasi ya kukua hata ikawa miti. Mla majani ndiye aliyeleta miti!

Wala majani hayakwisha. Nyasi humea kutoka chini, karibu na udongo, si nchani. Kwa hiyo zikikatwa hurefuka tena. Mche wa mti sivyo: ukiliwa ncha mara kwa mara hudumaa. Ndiyo maana athari ya twiga na ndovu, walao miti, si sawa na ya nyumbu.

Basi akituuliza mtu, mifugo huharibu nchi au huitengeneza? nasi twamuuliza: mifugo gani, wangapi, na wapewa nafasi ya kuhama? Nyumbu hawakai pahala pamoja, hufuata mvua mwaka mzima, na nyuma yao majani hupumzika. Mbuzi waliofungiwa uwanda mmoja hawana njia hiyo. Hurudia mche ule ule kila uchipukapo.