Ubao wa Matangazo Uingie Kwenye Kundi

Fungua kurasa za Instagram za halmashauri zetu huku Kanda ya Ziwa, nyingi zimejaa ziara. Mkuu wa wilaya kakagua madarasa, mkurugenzi kapokea wageni, mheshimiwa kashika koleo. Picha safi kabisa. Sasa jaribu kuuliza pale chini: hilo darasa limekula shilingi ngapi? Utajibiwa na wananchi wenzako, tena kwa kejeli. Mwenye ukurasa kimya.

Mtindo wa picha na maelezo mafupi tuliuzoea tangu Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, na waliokuwa ughaibuni waliipenda mno. Ila ile ilikuwa blogu ya mtu binafsi. Ofisi ya umma ina deni.

Deni lenyewe limeandikwa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Tena Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inataka mwananchi aliyeomba taarifa ajibiwe ndani ya siku 30. Shida ni kwamba kwetu Masumbwe watu hawakai. Kijana yuko machimboni, mama yuko mnadani, mwingine yuko majarubani mpaka jua linazama. Mkutano wa saa nne asubuhi wanafika wazee na wenye kesi zao. Karatasi iliyobandikwa ofisini kwa mtendaji inafifia bila kusomwa. Lakini hao hao wasiofika wamo kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji, wanatangaziana misiba, ng'ombe aliyepotea na bei ya mpunga.

Basi mtendaji aipige picha ile karatasi, aitume kwenye kundi siku hiyohiyo anapoibandika. Bando la siku moja linatosha kabisa.

Sisi tunaosomea ualimu jambo hili linatugusa moja kwa moja. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Shule ina watoto 800? Mzazi anapiga hesabu, anapata milioni 8, halafu anaona choo kibovu. Hajui kwamba sehemu ya ile hela haifiki shuleni, inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Jioni kundi zima linasema mwalimu mkuu kala. Utamtetea na nini, kama karatasi hakuna?

Kuna watakaosema bibi zetu wana viswaswadu. Sawa, mkutano ubaki palepale, na mjukuu amsomee. Kinachonisumbua zaidi ni woga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, kwa hiyo wengi wanaona bora wanyamaze kuliko kuuliza. Mtu akiwa na karatasi yenye muhuri wa kijiji, anauliza kwa kunukuu. Nani atamwambia katunga?

Likizo hii, ukishuka kwenye basi na kusalimia nyumbani, pita kwa mtendaji. Mwombe kwa heshima taarifa ya robo iliyopita, na umwambie simu ya kuipigia picha unayo.