Ndege Ikitua Bado Hujafika Stesheni

Kwa kawaida ukurasa huu huzungumzia bei: gunia la mchele limepanda au limeshuka, dola inauzwaje mjini, kontena limekaa bandarini siku ngapi. Wiki hii tunageukia bidhaa ambayo wafanyabiashara wetu huinunua kila safari bila kuuliza bei yake. Nayo ni muda unaopita kati ya ndege kugusa ardhi pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere na treni kuondoka Stesheni.

Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na Julai 25 mwaka huo huo ikafika Dodoma. Tangu hapo mfanyabiashara wa bara anayerudi kutoka Dubai, Guangzhou au Istanbul amepata njia mpya ya kufika nyumbani. Zamani alishuka kwenye ndege akijua wazi kwamba atalala Dar na kupanda basi alfajiri. Sasa akiwa bado ughaibuni anafungua simu, anaiona treni ya jioni, nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ikiwa ni shilingi 31,000 hadi Dodoma na 13,000 hadi Morogoro. Anapiga hesabu ya vidole: ndege inatua saa tisa alasiri, treni inaondoka saa kumi na mbili jioni, saa tatu zinatosha.

Hazitoshi. Na wengi wanaoambiwa hivyo hawaamini mpaka siku wanapofika Stesheni na begi kichwani, geti limefungwa.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya ndege ndiyo saa ya kutoka uwanjani. Ile ni saa ya ndege kufika tu. Baada ya hapo kuna kusubiri mlango ufunguliwe, kuna mwendo wa miguu, kuna meza ya afya ambapo wanaotoka nchi zenye homa ya manjano huonyesha kadi ya chanjo. Halafu ndipo Uhamiaji. Mwenye pasi ya Tanzania ana foleni yake na kwa kawaida hapati tabu. Lakini urefu wa foleni hautegemei wewe, unategemea ndege gani imetangulia kutua kabla ya yako. Jengo la tatu la abiria lililofunguliwa mwaka 2019 si dogo, lilijengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Hata hivyo ndege mbili kubwa zikifuatana, watu mia kadhaa hufika mbele ya kaunta kwa wakati mmoja, na hakuna jengo linaloweza kuwamaliza kwa dakika kumi.

Hapo tunamzungumzia Mtanzania anayesafiri peke yake. Mwenye mgeni wa biashara mambo yake ni mengine. Raia wa nchi nyingi za Afrika Mashariki hapati shida ya viza. Mchina, Mturuki au Mhindi unayemleta akaone shamba lako la alizeti Dodoma anahitaji viza, na kama hakuiomba kwa mtandao, utaratibu uliopo tangu Novemba 2018, atapanga foleni ya kulipia viza kwanza na ya mhuri baadaye, kisha atachukuliwa alama za vidole. Msafara huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Wewe umeshapita, umekaa kwenye begi lako unaangalia saa, mgeni bado yuko ndani.

Wapo pia wanaomwambia mgeni aombe viza ya matembezi kwa sababu ni nafuu, kisha akiulizwa kaunta amekuja kufanya nini anajibu kwa moyo mweupe kwamba amekuja kwenye biashara. Huyo atawekwa pembeni ahojiwe, na ofisa anayemhoji anafanya kazi yake. Ukitaka mgeni wako apande treni ya leo, mwombee viza inayolingana na shughuli yake, na uiombe wiki kadhaa kabla.

Baada ya Uhamiaji ni mkanda wa mizigo, na hapa ndipo muda wa mfanyabiashara unapoliwa kuliko mahali pengine. Mtalii ana begi moja. Wewe una mabegi matatu, mawili ya sampuli. Forodha watayapitisha kwenye mashine, na wakiona viatu jozi arobaini vya saizi mbalimbali hawatakubali kuwa ni vya kuvaa mwenyewe. Kutakuwa na kukadiria, kutakuwa na namba ya malipo, kutakuwa na kulipa kwa simu ambayo laini yake haijawa na mtandao tangu ulipoizima Guangzhou. Hakuna ubaya hapo, kodi ni kodi. Ubaya ni kuikadiria kazi hiyo kuwa ya dakika tano. Mwenye sampuli afike na ankara mkononi, aseme mwenyewe alichobeba, na awe na fedha kwenye simu kabla hajapanda ndege ya kurudi. Anayejificha katikati ya kundi akitumaini kupita ndiye hutoka wa mwisho.

Sasa umetoka nje, unaelekea mjini. Ni kilomita kama 12 tu, na Barabara ya Nyerere inaijua kila mtu. Daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, lilipunguza kero ya ile njia panda. Lakini kilomita hizo hazina bei moja. Saa tano asubuhi zinaweza kwisha kwa dakika 30 au 40. Saa kumi na moja jioni, viwanda vikitoa watu na malori yakielekea bandarini, panga saa moja na nusu na usilalamike. Siku kiongozi anasafiri, magari husimamishwa mpaka msafara upite, na hakuna wakala wa tiketi atakayekuwekea hilo kwenye ratiba.

Jambo moja kwa wageni wa Kizambia na wengineo wasioujua mji. Ukimwambia dereva "stesheni ya reli" bila kufafanua, unaweza kushushwa TAZARA, ambayo iko njiani, kabla ya kufika mjini, na ni ya reli nyingine kabisa, ile ya kwenda Kapiri Mposhi. SGR iko katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, upande wa Gerezani. Sema "SGR mjini" na umalize maneno.

Ukifika Stesheni bado kuna ukaguzi wa mizigo, kuna kuonyesha kitambulisho kinacholingana na jina lililo kwenye tiketi, na kuna masharti ya mizigo ya Shirika la Reli ambayo si ya basi la mkoani. Mabegi matatu makubwa ni jambo la kuuliza mapema. Shehena halisi ipelekwe kwa njia ya mizigo, mkononi ubaki na nguo na nyaraka.

Kwa hiyo hesabu yetu ni hii, na ni hesabu ya kupangia, si ya kujivunia. Mtanzania mwenye begi la mkononi: saa moja kutoka nje ya uwanja. Mwenye mabegi ya chini na sampuli: saa moja na nusu hadi mbili. Barabarani: saa moja mchana, moja na nusu jioni. Stesheni: fika saa moja kabla. Jumla ni kati ya saa tatu na nne na nusu, nasi hatujaweka dakika hata moja ya ndege kuchelewa. Ongeza saa moja kwa hilo. Aliyejipa saa tatu kuanzia saa tisa alasiri, akiwa na sampuli, alikuwa amekwisha kuikosa treni kabla hajapanda ndege.

Na gharama yake? Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la vitenge Soko la Majengo, Dodoma. Tarakimu ni za mfano, msomaji aweke zake. Treni imempita. Chumba cha ghafla Kariakoo 40,000, teksi za kwenda na kurudi 60,000, chakula 15,000, tiketi nyingine 31,000, na duka lililofungwa siku nzima ambalo lingempa faida ya 150,000. Jumla ni shilingi 296,000, yaani nauli ya zaidi ya safari tisa za Dodoma, kwa ajili ya kugombea saa mbili.

Mama huyo huyo angepanga tangu mwanzo kulala mjini na kuondoka na treni ya kesho yake, chumba angekilipia vile vile. Lakini asubuhi ya kesho ingekuwa yake. Kutoka Stesheni hadi maduka ya Kariakoo ni mwendo mfupi. Angeonyesha sampuli kwa wauzaji wa jumla, angedai madeni yake, angelinganisha bei ya Guangzhou na ya Mtaa wa Kongo, akapanda treni mchana akiwa ameshafanya kazi. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kulala Dar ni kupoteza. Inayopotea ni siku ambayo hukuipangia kitu.

Wapo wanaonunua tiketi mbili, ya jioni na ya kesho asubuhi, wakisema 31,000 ni bima ndogo. Kwa mfuko wa mtu mmoja hesabu hiyo ina mantiki. Kwa soko zima ni balaa, kwani kiti kinachoshikwa na asiyesafiri ni kiti ambacho mwingine ameambiwa kimejaa, na wakati wa vikao vya Bunge au mwisho wa mwaka tunajua viti vinavyogombewa. Nunua moja, ya treni ya mbali zaidi. Ukifika mapema na nafasi ipo kwenye treni ya karibu, hiyo ni bahati yako. Likiharibika kabisa, yako mabasi ya Mbezi Luis, ambayo tangu Oktoba 2023 yameruhusiwa kusafiri usiku.

Angalizo la tarehe. Baadhi ya ndege za mbali hutua baada ya saa sita usiku. Sisi tunasema "usiku wa Jumapili" tukiwa na maana moja, tiketi inasema tarehe ya Jumatatu. Aliyetua saa nane usiku na kununua treni ya "kesho asubuhi" kwa kuhesabu kuanzia Jumapili atakuta ameshika tiketi ya siku isiyo yake. Tena tiketi huandika 18:00 pale tunaposema saa kumi na mbili jioni. Kijana wa dukani unayemwagiza akukatie tiketi, mtajie tarehe na saa kama zilivyoandikwa, usimtajie siku kwa mazoea.

Hata hivyo si haki kumbebesha msafiri lawama yote. Nairobi, reli yao mpya ya mwaka 2017 iliwekewa stesheni Syokimau, jirani na uwanja wa ndege lakini mbali na mji, ikabidi treni ndogo ya kuunganisha na mjini. Sisi tulifanya kinyume, tukaweka stesheni katikati ya mji. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo uamuzi wetu ni bora, hatutaki uguswe. Lakini wenzetu walipoona pengo walileta cha kuliziba. Johannesburg tangu mwaka 2010 abiria hutoka uwanjani kwa treni ya Gautrain mpaka Sandton. Hapa pengo la uwanja na Stesheni limeachiwa teksi, bajaji na bahati.

Wala si kwamba mji huu haujui treni fupi. Oktoba 2012 ilianza treni ya abiria wa mjini, wananchi wakaiita ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, na mwaka 2016 ikaongezwa ya kwenda Pugu, upande ule ule ulipo uwanja. Hatuombi makubwa hayo kwa leo. Tunaomba basi moja linalotoka mbele ya jengo la tatu na kufika SGR, ratiba yake ifuate treni, nauli yake ijulikane. Tunaomba ubao wa ratiba ya treni pale abiria wanaposubiri mizigo, ili mtu ajue kabla ya kulipa teksi kama bado ana treni ya kuikimbilia. Na Shirika la Reli lifungue dirisha la tiketi uwanjani, ambapo aliyechelewa atahamishiwa treni inayofuata kwa ada ndogo badala ya kukata tiketi upya. Mwaka 2024 shirika hilo liliweza kuueleza umma bila kificho kuwa ngedere na bundi ndio waliosababisha hitilafu ya umeme na kusimamisha treni. Anayeomba abiria wamvumilie kwa ajili ya bundi anaweza naye kumvumilia abiria aliyechelewa kwa ajili ya foleni ya Uhamiaji.

Mpaka hayo yatakapofanyika, anayetua baada ya saa nane mchana akiwa na mzigo wa forodha akate treni ya kesho yake.